Vikundi Vyenu Chini ya Mwavuli Mmoja: Mwongozo kwa Viongozi wa Muso, Avek na Vyama vya Wakulima Kashuga

Mwongozo huu ni wa rais, katibu na mtunza sanduku wa kikundi chochote cha Kashuga na vijiji vya jirani: muso (chama cha akiba na kusaidiana) ya akina mama, avek (kikundi cha kuweka na kukopeshana) ya vijana, chama cha wakulima wa maharage, kikundi cha wakimbizi wa ndani wanaolima mashamba ya kukodi. Bila shaka mmeshaambiwa, "Unganeni, mfadhili hasaidii kikundi kidogo." Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini mfadhili akiwa ndiye sababu pekee ya kuungana, muungano wenu utakufa siku mradi utakapofungwa, na huenda ukaondoka na akiba ya watu.

Kashuga iko katika grupema ya Bashali-Mokoto, usheferi wa Bashali, teritwari ya Masisi. Barabara inayotoka Goma kwa njia ya Sake, Kitshanga na Mweso inapita hapo ikielekea Kalembe na Pinga, hadi ndani ya Walikale. Maana yake ni kwamba muungano wenu utakuwa na watu wa pande mbili za mpaka wa Masisi na Walikale, wenye kuzungumza Kihunde, Kinyarwanda au Kinyanga nyumbani, wenyeji pamoja na waliokimbilia hapo. Utakuwa pia na watu ambao wanaweza kulazimika kuhama tena usiku mmoja. Kila ushauri ulioko hapa chini umezingatia hali hiyo.

1. Anzeni na kazi, jina litafuata

Kabla ya kutafuta jina na muhuri, kaeni wawakilishi wa vikundi vyote mjibu swali moja: ni kazi gani ambayo kikundi kimoja hakiwezi kuifanya peke yake? Mara nyingi majibu ya kweli ni matatu.

La kwanza ni kuuza pamoja. Maharage ya msimu wa A huvunwa karibu na Januari, ya msimu wa B karibu na Juni na Julai, na nyakati hizo bei huanguka kwa sababu kila mtu anauza. Mama mwenye magunia mawili hana nguvu ya kungoja. Vikundi kumi vyenye stoo moja vinaweza kungoja, na vinaweza kumwita mnunuzi aje na lori.

La pili ni kukopeshana. Muso moja huwa na pesa zilizolala wakati nyingine haina kitu msimu wa kupanda.

La tatu ni kusema kwa sauti moja: juu ya kodi ya mashamba, ushuru wa soko, au vizuizi vya barabarani.

Nord-Kivu ina mifano ya kila namna. Wafugaji wa Masisi wanaijua ACOOGENOKI, iliyounganisha vikundi vya wafugaji wa jimbo. Huko Butembo, COOCENKI ni ushirika mkuu wa vyama vya wakulima, na LOFEPACO inaunganisha mashirika ya wanawake wakulima. FOPAC inawasemea wakulima katika ngazi ya jimbo, na juu yake kuna CONAPAC ya taifa zima. Kila moja ina kazi inayojulikana. Kama ninyi hamwezi kuitaja kazi yenu kwa sentensi moja ambayo kila mwanakikundi anaielewa, bado wakati haujafika.

2. Hakikisheni kila kikundi kinasimama chenyewe

Muungano wa vikundi dhaifu ni udhaifu uliokusanywa mahali pamoja. Kabla ya kupokea kikundi, angalieni mambo manne. Je, wana daftari la mikutano la miezi sita iliyopita? Je, mikopo inarudi? Ukimwuliza mwanachama yeyote, anajua sanduku lina franka ngapi? Je, wamewahi kubadilisha kiongozi kwa kura, bila ugomvi?

Avek zimejengwa juu ya mfumo ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991: watu wapatao 15 hadi 25, sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na kugawana fedha zote mwisho wa mzunguko. Nguvu yake ni kwamba pesa haziondoki machoni pa wenyewe. Kwa hiyo iandikeni sheria hii ya kwanza katika makubaliano yenu: akiba ya wanachama haipandi juu. Inabaki katika sanduku la kikundi. Mwavuli unaishi kwa mchango na kwa huduma, haushiki akiba ya mtu.

Muso nazo zina masanduku matatu: la kijani kwa akiba na mikopo ya ndani, jekundu kwa misaada ya ugonjwa na msiba, na la buluu kwa pesa zinazotoka nje. Mgawanyo huo unawarahisishia kazi. Mwavuli unahusika na sanduku la buluu peke yake. La kijani na jekundu ni mambo ya nyumbani.

3. Chagueni umbo la kisheria linalolingana na kazi

Msikimbilie hati. Mwaka wa kwanza, makubaliano ya maandishi kati ya vikundi yanatosha, yenye sahihi au alama ya kidole ya viongozi wote, na nakala kwa kapita na kwa ofisi ya grupema. Mkishaona kwamba mnaweza kufanya kazi pamoja, kuna njia mbili kuu.

Kama kazi yenu ni mafunzo, utetezi au misaada, njia ni ASBL, yaani shirika lisilotafuta faida, chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Mtahitaji katiba iliyothibitishwa na mthibitishaji wa serikali, maoni ya wizara inayohusika na kazi yenu, kisha utu wa kisheria kutoka Wizara ya Sheria. Ni safari ndefu, na ASBL haiwezi kuwagawia wanachama faida.

Kama kazi yenu ni biashara, yaani stoo, mauzo na pembejeo, njia ni ushirika. Congo ni mwanachama wa OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, tangu Septemba 2012, na sheria ya pamoja ya vyama vya ushirika, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inatumika nchini. Sheria hiyo imepanga ngazi: watu watano wanaweza kuanzisha ushirika wa namna rahisi, na ushirika wenye baraza la uongozi unahitaji watu 15. Vyama viwili vya ushirika vyenye lengo moja vinaweza kuunda muungano, na miungano miwili ikaunda shirikisho. Mnaona wenyewe kwamba sheria inajenga kutoka chini. Hakuna muungano bila vyama vilivyoandikishwa kwanza, basi msimlipe mtu anayewaahidi hati ya muungano wakati vikundi vyenu havina zake.

Tunzeni hati vizuri. Nakala moja ikae Kashuga, nyingine Mweso au mji mwingine kwa mtu mnayemwamini, na picha ya kila ukurasa iwe katika simu mbili za watu wasioishi nyumba moja. Hata palipo na amani hati peke yake haikingi muungano. Kule Kilimanjaro, wakulima wa kahawa waliungana mwaka 1925, na mwaka 1933 wakawa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichojulikana duniani. Hata hivyo mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivunja vyama vikuu vyote kwa amri, na vikarudi tu baada ya sheria ya 1982. Kilichoko juu kinaweza kuondolewa siku moja. Ndiyo maana akiba, madaftari na ujuzi lazima vibaki chini, kwenye vikundi.

4. Pangeni viti kwa namna ambayo hakuna anayemeza wengine

Wakulima wa Tanzania waliounda MVIWATA mwaka 1993 wana kaulimbiu isemayo kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Ichukueni kama kanuni ya uongozi: wanaokaa kwenye viti vya mwavuli wawe wanachama hai wa vikundi, wenye kuweka akiba kila wiki kama wengine. Mwalimu, padri, mchungaji au animateri anaweza kushauri na kusaidia kuandika. Asishike ufunguo.

Kila kikundi kitume wajumbe wawili katika mkutano mkuu, mmoja wao awe mwanamke. Kikundi cha watu 30 na cha watu 15 viwe na kura sawa, la sivyo kijiji kikubwa kitaamua kila jambo. Kamati ya uongozi iwe ya watu watano au saba, na wasitoke wawili kikundi kimoja. Wakaguzi wawe watatu, wasitoke katika kikundi cha mtunza hazina, na wawe na haki ya kufungua daftari siku yoyote bila kuomba ruhusa. Muhula uwe miaka miwili, mtu asizidishe mihula miwili.

Ongezeni masharti mawili yanayohusu hali yetu. Kwanza, vikundi vya wakimbizi wa ndani viwe na kiti cha kudumu katika kamati. Wengi wao wamekaa miaka wakilima kwa siku na kukodi ardhi, na muungano unaowaacha nje utakuwa muungano wa wenye mashamba dhidi ya wasio nayo. Pili, kila mwenye cheo awe na naibu anayeishi kijiji kingine. Vita vikikimbiza watu wa upande mmoja, kazi isikwame.

5. Hesabuni pesa kabla ya kuomba pesa

Mwavuli una vyanzo vitatu vya fedha: mchango wa vikundi, ada ya huduma, na pesa ya nje. Viwekeni katika mpangilio huo huo.

Chukueni mfano. Vikundi 12 vinatoa franka 5,000 kila mwezi kila kimoja. Hiyo ni franka 60,000 kwa mwezi, 720,000 kwa mwaka. Mkiuza pamoja kilo 30,000 za maharage na kukata franka 20 kwa kila kilo, mnapata 600,000 zaidi. Jumla ni 1,320,000. Sasa orodhesheni gharama ambazo hazikwepeki: karatasi na madaftari, yunite za simu, nauli ya wajumbe, kodi ya stoo, mlinzi. Gharama za mikutano na ofisi zitoshelezwe na ile 720,000 ya michango. Gharama za stoo zitoshelezwe na ada ya mauzo. Zisipotosha, punguzeni gharama. Msiandike "mfadhili atajaza".

Sababu ni rahisi. Mradi ukikatika, na miradi ya Masisi hukatika ghafla kila mapigano yanapoanza, mwavuli unaojilipia mikutano yake utaendelea kukutana. Ule uliozoea posho ya mradi utabaki na muhuri tu.

Pesa ya nje ina nafasi yake: kujenga stoo, kununua mizani, kuanzisha mfuko wa kukopesha vikundi, kulipia mafunzo. Mfuko wa kukopesha ukianzishwa, mkopo uende kwa kikundi, usiende kwa mtu. Kikundi kikope kiasi kisichozidi akiba yake, kirudishe baada ya mavuno, na kisipate tena mpaka kimalize. Majina ya vikundi vyenye deni yasomwe mbele ya mkutano mkuu, pamoja na tarehe.

6. Lindeni pesa mahali pasipo na benki

Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipotekwa, mabenki ya mji yalifunga, na watu wenye akaunti zenye pesa wakakosa hata ya kununua unga. Funzo kwa vikundi vya vijijini ni kutotegemea njia moja. Gawanyeni fedha za mwavuli sehemu tatu: kidogo mkononi kwa matumizi ya mwezi, nyingine katika simu, na kubwa zaidi iwe kazini, katika mikopo ya vikundi au katika maharage yaliyoko stoo.

Kwa pesa ya simu, iwe M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, laini huandikishwa kwa jina la mtu mmoja, na hapo ndipo hatari ilipo. Andikeni tamko linalosema kwamba pesa iliyoko ni ya muungano, mwenye laini atie sahihi mbele ya mashahidi na mbele ya ndugu yake mmoja, ili akifariki au akihama familia isidai kuwa ni urithi. Simu ikae kwa mtu mmoja, nusu ya namba ya siri kwa mwingine, nusu kwa wa tatu. Kila mkutano uanze kwa kusoma ujumbe wa salio kwa sauti, mbele ya wote.

Kwa pesa ya mkononi, wekeni kikomo, na chochote kinachozidi kitoke siku hiyo hiyo. Msitangaze siku ya kugawana wala kiasi kilichoko nje ya mkutano. Na amueni mapema, wakati kuna utulivu, nani anabeba nini siku ya kukimbia: daftari kwa mmoja, simu kwa mwingine, muhuri kwa wa tatu. Vitu hivyo visisafiri pamoja.

7. Mpokeeni mfadhili mkiwa mmejiandaa

Mashirika makubwa hupenda kupitisha pesa kwa mwavuli kwa sababu wanaandika mkataba mmoja badala ya kumi na mbili. Ni nafasi nzuri, na ndipo mahali ambapo uaminifu huvunjika. Fanyeni mambo haya.

Ulizeni maswali kabla ya kutia sahihi: Pesa itakuja kwa awamu ngapi? Nani atachagua wanufaika, ninyi au wao? Mkilazimika kuhama, mkataba unasemaje? Gharama za mwavuli zimewekwa asilimia ngapi? Mradi ukiisha, mizani na pikipiki vitakuwa vya nani?

Andikeni mkataba mdogo na kila kikundi kitakachopata sehemu ya pesa, unaotaja kiasi, kazi na tarehe. Kisha bandikeni kiasi chote kilichopokelewa kwenye ukuta wa stoo au kanisa, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa. Pesa inayojulikana na watu mia tatu ni ngumu kuiba.

Kataeni orodha zenye majina hewa. Kataeni pia kile kinachoitwa "opération retour", yaani kumrudishia kwa siri sehemu ya pesa yule aliyewapatia mradi. Atakayewaomba hivyo atasema kila mtu hufanya. Mkikubali mara moja, mmempa mtu wa nje ufunguo wa nne wa sanduku lenu, na siku ya ukaguzi jina litakalotajwa ni lenu, si lake. Mwambieni kwamba uamuzi wa namna hiyo unahitaji mkutano mkuu. Kwa kawaida hapo mazungumzo huisha.

8. Msiruhusu kabila wala silaha kuingia

Hili ndilo jambo zito kuliko yote, na katika Masisi na Walikale haliwezi kuachwa. Mwaka 1980 ilianzishwa mutwaliti ya kilimo, yaani chama cha kusaidiana, iliyoitwa MAGRIVI, kwa ajili ya wakulima wa eneo la Virunga. Kadiri miaka ilivyopita na ugomvi wa uraia na ardhi ulivyopamba moto, ikawa chombo cha siasa cha jamii moja. Jamii nyingine nazo zilikuwa na mutwaliti zao, na kila moja ikawa ngome. Machi 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi, na watu wa jamii zote walizika ndugu zao. Mashirika ya kilimo na ya kusaidiana hayakuleta vita hivyo peke yake. Lakini muundo uliokuwapo kwa ajili ya jembe ulipatikana tayari kwa kazi nyingine.

Kwa hiyo andikeni katika katiba yenu kwamba hakuna kikundi kitakachopokelewa ikiwa kimewafungia mlango watu wa kabila jingine. Mikutano izunguke vijiji vyote. Lugha ya mkutano iwe Kiswahili, na anayetaka kutafsiriwa atafsiriwe. Viti vitatu vya juu visishikwe na jamii moja. Hili linawezekana: Sopacdi, ushirika wa kahawa wenye makao Minova, umewaunganisha wakulima wa makabila mbalimbali wa Kalehe na Masisi, na mwaka 2011 ukapata cheti cha Fairtrade. Bei nzuri ya kahawa iliwapa watu sababu ya kukaa meza moja.

Kuhusu silaha, msimamo uwe mmoja: muungano hauchangii kundi lolote, hauhifadhi mali ya kundi lolote, na mwenye cheo katika kundi la wapiganaji hawezi kuwa kiongozi wenu. Watu wa eneo hili wameuziwa jetoni (vikaratasi vya kuonyesha umelipa) za kila mwezi na makundi yenye silaha, na anayekosa jetoni huadhibiwa. Mchango wenu usifanane na huo hata kidogo. Uwe wa hiari, uwe na risiti, na anayejitoa aruhusiwe kujitoa bila kufuatwa. Msitengeneze kadi wala jetoni yoyote ambayo mwanachama atalazimika kuibeba barabarani. Ikiwa mnalazimishwa kutoa kitu kwa nguvu, kila kikundi kijiamulie cha kufanya ili kulinda maisha. Daftari la wanachama lisitolewe, kwa maana orodha ya majina katika mikono mibaya ni hatari kuliko pesa iliyopotea.

9. Mwaka wa kwanza, hatua kwa hatua

Mwezi wa kwanza na wa pili: tembeleeni vikundi, kagueni madaftari, chagueni kazi moja tu. Mwezi wa tatu: tieni sahihi makubaliano, chagueni kamati na wakaguzi, anzeni mchango. Mwezi wa nne hadi wa sita: fanyeni jambo moja dogo linaloonekana, kwa mfano kununua mizani ya pamoja au kutengeneza sehemu ya barabara kwa salongo. Msimu wa mavuno: kusanyeni maharage ya vikundi vilivyo tayari, hata vikiwa vinne tu, mwuze pamoja na msome hesabu hadharani. Mwezi wa kumi na moja: wakaguzi watoe taarifa. Mwezi wa kumi na mbili: mkutano mkuu uamue kuhusu hati, na kuhusu mfadhili kama yupo.

Katika mkutano huo, kila kikundi kijibu swali hili kwa kura ya siri: je, mwaka huu tumepata kitu ambacho tusingekipata peke yetu? Wengi wakisema ndiyo, andikisheni muungano na mpanue kazi. Wengi wakisema hapana, rudisheni salio kwa vikundi kulingana na michango, fungeni daftari na mwachane kwa amani. Vikundi vitaendelea, kwa sababu akiba yao haikuwahi kuondoka kwenye sanduku.